Jasho la zamani na jasho jipya: kisa cha fundi cherehani

Fundi cherehani wa miaka 31 anafika kliniki ya ngozi na ombi moja: apewe dawa yenye nguvu kuliko aliyo nayo, kwa sababu jasho limemzidi. Mapajani ameweka taulo ndogo iliyokunjwa mara nne. Kabla ya kumpa daktari mkono anafutia viganja kwanza, haraka, bila hata kuitazama. "Jasho hili ni langu tangu utotoni, daktari," anasema. "Ila sasa limepita kiasi."

Mgonjwa huyu si mtu mmoja aliyepo. Kisa kimesukwa kutokana na mambo yanayojirudia kliniki. Vipimo, dozi na makosa yaliyomo ni ya kawaida kabisa.

Kauli zake ni mbili. Ya kwanza ina miaka 19, ya pili ina miezi 3. Kwa kuwa alizitoa kwa pumzi moja zilisikika kama jambo moja, na ndivyo walivyozisikia wote waliomhudumia kabla ya siku hiyo.

Miaka 19 ya viganja

Viganja vilianza kulowa akiwa na miaka 12, shuleni, wino ukisambaa daftarini kila alipoegemeza mkono. Nyayo nazo vivyo hivyo: kandambili zinateleza, viatu vya kufunika vinanuka upesi. Mama yake mdogo ana mikono ya namna hiyo hiyo. Kazini, satini nyeupe inashika alama za vidole, chaki inageuka tope kabla mstari haujakamilika, na pini zilizo kwenye kisahani zimeota kutu upande wa kichwa, pale anapozishika. Amejipanga: hariri na satini hukata asubuhi na mapema kabla wateja hawajaanza kuingia, jinzi na khaki huziachia mchana. Mteja akisimama karibu kumwangalia anavyokata, viganja vinachuruzika. Akilala, vinakauka.

Hili ndilo jasho jingi la asili, yaani lisilo na ugonjwa mwingine nyuma yake. Halihitaji kubahatishwa, maana lina vigezo vyake. Kwanza liwe jasho linaloonekana kwa macho, katika sehemu maalumu za mwili, kwa miezi 6 au zaidi, bila sababu nyingine inayojulikana. Kisha yawepo angalau mambo 2 kati ya 6: linatoka pande zote mbili karibu sawasawa, linakwamisha shughuli za kila siku, linatokea angalau mara 1 kwa wiki, lilianza kabla ya miaka 25, kuna ndugu wa damu mwenye nalo, na linakoma usingizini. Fundi wetu anayo yote 6. Ukali wake hupimwa kwa swali moja lenye majibu 4: jibu la 1 ni jasho lisilosumbua, la 2 linavumilika ila wakati mwingine linasumbua, la 3 linavumilika kwa shida na linasumbua mara kwa mara, la 4 halivumiliki na linasumbua muda wote. Kwa miaka mingi alikuwa 3, na hiyo tayari inastahili matibabu.

Kisa kingeishia hapo, asingehitaji kipimo hata kimoja cha damu. Tunalisema hili wazi kwa sababu wapo watu wanaopimwa kila kitu kwa ajili ya viganja tu, wakatumia pesa nyingi kuambiwa kwamba wako wazima.

Miezi 3 ya fulana

Alipoulizwa "limepita kiasi vipi?", akaeleza mambo ambayo hakuwahi kuulizwa. Sasa jasho linatoka kifuani, mgongoni, shingoni na chini ya matiti. Usiku anaamka fulana imeshikana na mgongo. Mwanzoni ilikuwa mara 2 kwa wiki, sasa karibu kila usiku, na shuka inabidi libadilishwe. Anafungua dirisha wakati wenzake chumbani wanajifunika. Uzito umeshuka kutoka kilo 64 hadi 58, ilhali anakula kuliko zamani. Choo kikubwa ni mara 3 kwa siku. Nywele zinabaki kwenye kitana. Kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, kazi aliyokuwa akiifanya huku anaongea, sasa anaijaribu mara nne mara tano.

Hilo la uzi alilitaja mwishoni, kama la kuchekesha. Kwa daktari ndilo lililobadilisha mazungumzo.

Ndani ya miezi hiyo 3 alikuwa ameshatafuta msaada mara mbili. Mara ya kwanza aliuziwa dawa kali zaidi ya kuzuia jasho, apake na kifuani pia, akababuka ngozi. Mara ya pili alipimwa malaria, haikuonekana, mapigo ya moyo yakasikika yanakwenda mbio, akaambiwa ana wasiwasi na apumzike. Hakuna aliyempandisha kwenye mizani. Mizani ni kifaa rahisi kuliko vyote katika kisa hiki, na kilo 6 zilizopotea zingeonekana papo hapo.

Hari na kijasho chembamba

Ili kuelewa kwa nini majasho haya mawili hayawezi kuwa kitu kimoja, tuangalie yanakotoka. Mwili una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4. Nyingi ni zile zinazotoa jasho jepesi la maji na chumvi, zimeenea mwili mzima na zimesongamana zaidi viganjani na nyayoni. Nyingine, za makwapani na sehemu za siri, huanza kazi wakati wa balehe na hutoa jasho zito ambalo bakteria wa ngozi hulifanya linuke. Harufu, kwa hiyo, ni suala la bakteria zaidi kuliko la wingi wa jasho. Mtu anaweza kulowa chapachapa asinuke.

Amri ya kutoa jasho hushuka kutoka ubongoni kwa neva. Kiswahili kimeshatenga aina mbili za amri hizo: tunasema mtu anatokwa na hari, na tunasema kijasho chembamba kilimtoka. Hari ni jasho la joto. Inaamriwa na sehemu ya ubongo inayolinda joto la mwili, na hujitokeza hasa kifuani, mgongoni na usoni, mahali penye nafasi kubwa ya maji kukauka na kuondoka na joto. Kijasho chembamba kinaamriwa na sehemu za ubongo zinazoshughulika na hofu, haya na umakini, na makao yake makuu ni viganja, nyayo na kwapa. Ndiyo maana viganja vya fundi vinalowa mteja akimkodolea macho hata siku ya baridi, na ndiyo maana vinakauka akilala: usingizini hofu na haya havipo. Tezi zake zenyewe ni nzima, ila neva zinazoziamrisha zina mkono mwepesi.

Jasho linaloloanisha fulana saa 8 za usiku haliwezi kutoka kwenye bomba hilo, kwa kuwa limefungwa. Hiyo ni hari. Mwili unatengeneza joto kupita kiasi, au kiwango chake cha joto kimechezewa na homa, homoni au dawa. Kazi ya daktari ilikuwa kujua ni lipi kati ya hayo.

Mkono, karatasi na saa

Uchunguzi ulianza na mkono. Viganja vyake vilikuwa vimelowa, na vilikuwa na joto. Jambo hili dogo lina thamani kubwa: mkono wa mtu mwenye wasiwasi kwa kawaida huwa umelowa na wa baridi, kwa sababu mishipa midogo ya damu imebana. Mkono uliolowa na wenye joto maana yake damu inapita kwa wingi, mwili unajaribu kutoa joto nje. Anayemsalimia mgonjwa kwa kumpa mkono tayari ameshampima, ilimradi awe anasikiliza kwa kiganja chake.

Kisha akaambiwa anyooshe mikono mbele, viganja vikitazama chini, vidole vimetanuliwa, na karatasi ya kawaida ikalazwa juu ya vidole. Ncha za karatasi zikatikisika kwa mtetemo mwembamba wa haraka ambao bila karatasi usingeonekana. Huo ndio uliokuwa ukimpotezea tundu la sindano.

Mapigo ya moyo, baada ya kukaa kimya dakika 10, yalikuwa 112 kwa dakika. Presha ilikuwa 138 kwa 60, namba ya juu na ya chini zikiwa zimeachana sana. Joto la mwili 37.1, hakuna homa. Alipomeza maji, kivimbe laini mbele ya shingo kilipanda na kushuka pamoja na koo. Macho yalikuwa yametoa kidogo, kope za juu zikionyesha weupe juu ya mboni. Daktari akampa kazi ya nyumbani ya usiku mmoja: anayelala naye chumbani amhesabie mapigo akiwa usingizini, kwa dakika nzima. Yalikuwa 96. Moyo wa mwenye wasiwasi hutulia akilala, wake haukutulia.

Vyote vilielekeza kwenye tezi ya thairoidi, ile ya shingoni yenye umbo la kipepeo, ambayo homoni zake huamua mwili uchome chakula kwa kasi gani. Zikizidi, mwili ni kama jiko lililoachwa moto wa juu: chakula kinaisha, uzito unashuka, joto linazidi, na hari inamwagika ili kulitoa.

Vipimo, na mitego yake

Hata dalili zikiwa wazi hivyo, jasho la usiku pamoja na kupungua uzito halipewi jina moja haraka. Kifua kikuu, maambukizi ya VVU na saratani ya tezi za limfu huja kwa sura hiyo hiyo. Kwa hiyo alipimwa damu nzima, VVU, sukari na picha ya kifua. Makwapa, shingo na kinena vikapapaswa kutafuta matezi. Alipimwa pia ujauzito, maana jibu lake linabadilisha uchaguzi wa dawa. Vyote havikuonyesha tatizo.

Kipimo cha thairoidi ni damu, na huanza na TSH, homoni ya ubongoni inayoiamrisha tezi. Kiwango cha kawaida ni takriban 0.4 hadi 4.0. Yeye alikuwa chini ya 0.01: ubongo umeacha kabisa kuamrisha, lakini tezi inaendelea yenyewe. Homoni huru ya T4, inayotengenezwa na tezi yenyewe, ilikuwa 48, katika maabara ambayo kawaida yake ni 12 hadi 22. Kingamwili zinazochokoza tezi zilikuwepo, na hilo linaitwa ugonjwa wa Graves. Kingamwili hizo ndizo zinazosaidia kutofautisha: ipo hali nyingine ambapo tezi iliyoshikwa na uvimbe humwaga homoni ilizokuwa imeziweka akiba, kisha hupoa yenyewe baada ya wiki kadhaa. Hali hiyo haitibiwi kwa dawa za kuzuia utengenezaji wa homoni, kwa kuwa hakuna kinachotengenezwa kupita kiasi.

Hapa pana mitego miwili ambayo hata wataalamu hunasa.

Wa kwanza ni vidonge vya nywele na kucha. Mtu ambaye nywele zinamkatika hununua vidonge, na vingi vina bayotini kwa wingi. Bayotini huvuruga mashine nyingi za maabara kiasi cha kuonyesha TSH ya chini na T4 ya juu kwa mtu mzima kabisa, picha inayofanana kabisa na ugonjwa wa Graves. Fundi alikuwa akimeza vidonge hivyo. Aliambiwa aviache kwa siku 3 kamili, ndipo damu ikatolewa. Bila hilo, majibu yangekuwa na shaka hata kama yangekuwa sahihi.

Wa pili ni iodini. Kliniki za ngozi zina kipimo kizuri cha kuchora ramani ya jasho: ngozi hupakwa iodini, ikikauka hunyunyiziwa unga wa wanga, na kila palipo na jasho hugeuka bluu iliyokoza karibu na weusi. Ni kipimo cha kupendeza macho. Lakini iodini hupenya ngozini, nayo ndiyo malighafi ya tezi ya thairoidi. Kwa mtu ambaye tezi yake inashukiwa kufanya kazi kupita kiasi, kipimo hicho huwekwa kando.

Dawa aliyoiomba

Turudi kwenye ombi lake la kwanza. Vidonge vya kupunguza jasho vipo: oksibutinini, kwa kawaida miligramu 2.5 hadi 5 kwa kuanzia, au glikopironiamu miligramu 1 hadi 2. Hufanya kazi kwa kuzima ujumbe wa neva kwenye tezi za jasho mwili mzima. Angepewa siku ile ile, mambo mawili yangetokea. Jasho lingepungua, na yeye angefurahi. Lakini mwili uliokuwa ukizalisha joto kupita kiasi ungenyimwa njia yake kuu ya kulitoa, na mapigo ya moyo, ambayo dawa hizi huyapandisha, yangetoka 112 yakaenda juu zaidi. Angerudi wiki chache baadaye akiwa mkavu, amechemka na moyo ukimdunda.

Vilevile angepewa propranololi kwa "wasiwasi" bila kupimwa damu, mtetemo na mapigo yangetulia, na tezi ingeendelea kimyakimya. Propranololi ni dawa nzuri na alipewa baadaye. Ubaya ni kuitoa kabla ya kupima, kwa sababu inafuta zile alama zinazomsaidia daktari kujua.

Matibabu yalikuwa kabimazoli miligramu 30 kwa siku, pamoja na propranololi miligramu 40 mara 3 kwa siku kwa wiki za mwanzo, baada ya kuhakikisha hana pumu. Kabimazoli haianzi kuonekana siku ya pili. Inazuia homoni mpya, wakati akiba ya zamani inaendelea kutumika, hivyo nafuu ya kweli huja kati ya wiki ya 4 na ya 8. Mgonjwa asipoambiwa hili huacha dawa wiki ya pili. Aliambiwa pia mambo mawili yasiyo na mjadala. Akipata homa, koo kuuma au vidonda mdomoni, aache vidonge na apime damu siku hiyo hiyo, kwani mara chache dawa hii huangusha chembe nyeupe, hasa ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Na atumie njia ya uhakika ya kuzuia mimba, kwa sababu kabimazoli katika wiki za mwanzo za ujauzito inaweza kumdhuru mtoto.

Wiki ya 3 usingizi ulirudi. Wiki ya 6 T4 ilikuwa imeingia kwenye kiwango cha kawaida; TSH ilibaki chini, na hilo halikumshtua mtu, maana huchelewa kwa wiki au hata miezi. Dozi ikaanza kupunguzwa. Wiki ya 8 shuka lilikuwa kavu kila asubuhi, kilo 4 zimerudi, uzi unaingia kwenye sindano mara ya kwanza.

Viganja, je? Vimelowa kama kawaida.

Sasa viganja

Angekuwa mtu wa pupa, angesema dawa imeshindwa. Jasho la viganja halikuwahi kuwa la thairoidi, ndiyo maana thairoidi ilipotulia lenyewe halikutulia. Ila sasa lilikuwa limebaki peke yake, na lingeweza kutibiwa bila hofu ya kuficha jambo lingine.

Kwanza ikaangaliwa chupa yake ya zamani. Ilikuwa alumini kloraidi ya asilimia 20 katika spiriti, dawa sahihi kabisa, aliyoitumia visivyo kwa miaka 2. Alikuwa akinawa asubuhi, anajifuta kidogo, anapaka, kisha anaingia kazini. Chumvi hii hufanya kazi kwa kuunda kizibo ndani ya mdomo wa kila kijitundu cha jasho, na kizibo hakiundiki palipo na maji yanayotiririka. Tena alumini kloraidi ikikutana na maji hutoa asidi ya haidrokloriki, ndiyo inayowasha na kubabua. Kwa hiyo alikuwa anapata madhara bila faida.

Namna yake ni hii. Inapakwa usiku wakati wa kulala, kwa sababu viganja vimetulia. Mikono inaoshwa mapema, si dakika ile ile, na inakaushwa hadi iwe mikavu kweli, kwa feni au mashine ya kukaushia nywele iliyowekwa hewa baridi. Inapakwa safu nyembamba, inaachwa ikauke, na inakaa saa 6 hadi 8. Asubuhi inaoshwa kabla jasho la siku halijaanza. Hivyo kila usiku mpaka jasho lipungue, kisha mara 1 au 2 kwa wiki. Kwapa huitikia ndani ya wiki 1 au 2. Kiganja kina ngozi nene, kipewe wiki 4 kabla ya kukihukumu. Haipakwi kwenye ngozi yenye jeraha, wala kwapa lililonyolewa ndani ya siku 1 au 2. Ikiwasha, usiku mmoja unarukwa na haidrokotisoni ya asilimia 1 inapakwa asubuhi kwa siku chache. Kwa fundi kuna la ziada: dawa hii huharibu kitambaa na kula chuma, kwa hiyo mikono ioshwe vizuri kabla ya kugusa hariri ya mtu au mkasi.

Tuseme na hili: manukato ya kwapa na dawa ya kuzuia jasho si kitu kimoja, ingawa hukaa kwenye rafu moja. Manukato hushughulika na harufu. Anayelowa akijipaka manukato ataendelea kulowa, akinukia.

Baada ya wiki 5 za kupaka kwa usahihi alishuka kutoka jibu la 3 hadi la 2. Haikutosha kwa satini. Hatua iliyofuata ni umeme mdogo ndani ya maji: kila kiganja kinalazwa kwenye trei yake ya maji ya bomba yenye kina cha kufunika kiganja tu, mkondo unapandishwa polepole hadi miliampea 15 au 20, pale mchomo mdogo unaposikika bila kuuma. Dakika 20 hadi 30, na katikati mwelekeo wa mkondo unageuzwa ili mikono yote ipate sawa. Mara 3 kwa wiki kwa mwanzo. Matokeo huonekana kati ya kikao cha 6 na cha 10, kisha mara 1 kwa wiki ya kudumisha. Pete zinavuliwa. Vidonda vya sindano, na fundi hakosi, vinafunikwa kwa mafuta mazito ya mgando kama vaselini, la sivyo mkondo wote hukimbilia kwenye kitobo hicho na kuchoma. Mkono hautolewi majini mashine ikiwa inafanya kazi, maana unapigwa na shoti. Haifai kwa mwenye kifaa cha moyo au chuma mwilini mwake kwenye njia ya mkondo, wala kwa mjamzito.

Zipo na njia nyingine. Sindano za botulinamu, yuniti 50 kwa kila kwapa, hukausha kwa miezi 4 hadi 6 au zaidi. Viganjani zinauma sana na zinaweza kulegeza mshiko kwa muda, jambo baya kwa mtu anayeishi kwa vidole. Upasuaji wa kukata neva kifuani hukausha viganja kwa uhakika, lakini wengi wanaofanyiwa huanza kutokwa na jasho jingi mgongoni, tumboni au mapajani badala yake, na neva iliyokatwa hairudi. Kwetu hiyo ni ya mwisho kabisa, na fundi hakuifikia.

Jasho lisilosubiri

Kisa hiki kilikuwa na nafasi ya miezi, vingine havina. Jasho la baridi pamoja na maumivu au kubanwa kifua, yakielekea mkononi au tayani, au pumzi kukata, ni hospitali saa hiyo hiyo. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, akatokwa na jasho, akatetemeka na kuchanganyikiwa, apewe gramu 15 hadi 20 za sukari kama bado anaweza kumeza, apimwe tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asilishwe chochote. Aliyekuwa akinyunyiza dawa za wadudu, akaanza kutoka jasho na mate mengi huku mboni zikiwa ndogo kama ncha ya pini, avuliwe nguo, aoshwe, akimbizwe hospitali. Na mgonjwa wa thairoidi aliyepata homa kali, moyo mbio kupita kiasi na akaanza kuweweseka asisubiri miadi yake.

Lisilo la dharura ila lisikae zaidi ya siku chache ni jasho la usiku la kubadilisha mashuka lililodumu wiki 2, hasa likiwa na homa, kikohozi, uzito kushuka au matezi. Hali kadhalika jasho la upande mmoja tu wa mwili, ambalo linaweza kumaanisha neva imeguswa, na jasho lililoanza ukubwani kwa mtu ambaye hakuwa nalo. Aliyeanza dawa mpya aangalie tarehe: dawa za msongo wa mawazo, dawa kali za maumivu kama tramadoli, na nyingine nyingi huleta jasho. Asiiache kienyeji; aende na pakiti yake kwa aliyemwandikia. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi anaweza kuwa na hari ya usiku bila ugonjwa wowote, lakini uzito wake hautakiwi kushuka.

Anayekwenda kliniki kwa ajili ya jasho atasaidika zaidi akienda na karatasi ya wiki 2. Aandike linatoka sehemu gani, saa ngapi, kama lilimwamsha, joto la mwili lilikuwa ngapi kwa kipimajoto wakati huo, uzito wa mwanzo na wa mwisho, na kila dawa anayomeza, vidonge vya nywele vikiwemo.

Fundi alipewa karatasi ya pili, ya muda mrefu. Kabimazoli hutumika miezi 12 hadi 18, na takriban nusu ya wanaoimaliza ugonjwa huwarudia, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Karatasi ina safu mbili. Ya kushoto ni ya viganja: vikizidi, anaongeza kikao cha umeme. Ya kulia ni ya usiku na mizani: ikiingia alama humo wiki 2 mfululizo, haongezi kitu, anakwenda kupima TSH.